Mizunguko Hamsini

Mashine ya santuri niliipata mwaka wa 1992, ikiwa imekufa. Mhandisi mmoja aliyekuwa akihama kutoka Athi River aliniachia pamoja na sanduku la nyaya, akasema nikishindwa nayo niitupe. Sikuwa nimesomea kazi ya redio. Nilijifunza kwa kufungua, kuchora kwenye daftari nilichokiona, na kukirudisha kilivyokuwa. Basi niliifungua mashine ile juu ya meza ya kibanda changu pale Noonkopir, mjini Kitengela, kila skrubu nikaipanga ndani ya sinia, nikatafuta ugonjwa wake kwa siku tatu.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa mdogo. Mota ya mashine kama ile ina kijiti cha chuma kinachozunguka. Kijiti husukuma gurudumu dogo la mpira, na gurudumu husukuma sahani ambayo santuri hukalia. Mpira ulikuwa umekauka kwa uzee, ukawa unateleza kwenye kijiti. Nilitafuta gurudumu jipya Nairobi yote nisipate. Mwishowe nikachukua tepu nyeusi ya umeme, nikakizungushia kile kijiti mara mbili ili mpira upate mahali pa kushika. Sahani ikazunguka. Nilifurahi mpaka nikamwita jirani aje aione ikizunguka tupu.

Santuri zilikuwa za Mwalimu Nakhumicha. Alikuwa mjane kutoka Bungoma, akifundisha darasa la tatu, na mumewe alikuwa amemwachia santuri saba ndogo za mwanamuziki mmoja tu, Zakayo Obura. Hakuwa na cha kuzichezea. Aliniomba nizitie kwenye kaseti. Zilikuwa nyimbo kumi na nne, nyingi za Kiswahili chenye lafudhi ya ziwani, magitaa matatu yakizungumza na sauti moja juu yake.

Alipokuja kuchukua kaseti yake nilimchezea wimbo wa kwanza, "Leso Imebaki Kambani." Ni wimbo wa mwanamume ambaye mkewe amekwenda kwao, naye anatazama leso ambayo mke aliianua nusu akaiacha. Mwalimu alisikiliza akiwa amesimama, kikapu mkononi.

"Fundi," akasema, "huyu alikuwa anaimba haraka hivi?"

"Ndivyo ilivyo kwa santuri, Mwalimu."

"Mimi nakumbuka akienda polepole kidogo. Baba Immaculate akitoka kazini tulikuwa tunaucheza na viatu vyake vizito. Kwa mwendo huu si tungevunjika miguu?"

"Ni siku nyingi, Mwalimu. Mambo ya zamani hupungua mwendo kichwani."

Alicheka kidogo, akakubali. Niliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayejua, na ndiyo sehemu ya kisa hiki ninayoikumbuka vizuri kuliko zote.

Nilibaki na nakala yangu. Nilipoicheza kibandani, watu walisimama. Mmoja akataka nakala, mwingine akanakili ya mwenzake, na kabla mwaka haujaisha nilikuwa nikiingia nyumba za kupanga kutengeneza redio na kumkuta Obura ameshafika. Kitengela ya miaka ile ilikuwa ya watu waliotoka mahali pengine. Sisi tuliotoka Kirinyaga, wale waliotoka Kakamega na Siaya wakifanya kazi viwandani, wote tulikuwa na mtu tuliyemwacha, na sauti ile nyembamba, ya juu, iliyoruka kama maji kwenye jiwe la moto, ilikuwa inamtaja.

Jina la Kengele Obura alilipata kwa Parmuat. Wakati huo Parmuat alikuwa akiuza mbuzi, bado hajaanza kuuza mashamba. Alipita na fimbo yake begani, akasikiliza wimbo mzima, akasema, "Fundi, huyu mtu amemeza kengele ya ng'ombe." Tangu siku hiyo akawa Obura Kengele.

Redioni hakupigwa mara nyingi. Ilipotokea, jioni moja moja, watu walisikia sauti nzito kidogo, wimbo ukijivuta, wakasema, "Betri zimeisha hizi." Mimi ni fundi. Nilijua betri zikiisha redio hupungua sauti, haibadilishi mwendo wa wimbo. Nilijua, na sikufuatilia. Nilikuwa na kaseti yangu.

Nilikuwa pia na ndoto moja ambayo sikumwambia mtu: kabla sijazeeka, nisimame mbele ya mtu huyu na nimsikie akiimba "Leso" kwa kinywa chake.

*

Mwaka wa 2003 Obura alitoa kaseti mpya, ya kwanza baada ya miaka mingi. Niliagiza kumi. Tulikusanyika kibandani Ijumaa mchana kama watu waliokuja kupokea mgeni, na nikaiweka.

Kulikuwa na kinanda mahali pa magitaa. Ngoma zilitoka ndani ya mashine, zikipiga bila kuchoka wala kufurahi. Halafu sauti ikaja, nzito, ya chini, ikitembea kama mtu anayepanda ngazi akipumzika.

"Huyu ni Obura ama ni baba yake?" Parmuat akauliza. Kufikia hapo alikuwa na pikapu na kofia nzuri.

"Ni yeye. Picha ni yake."

"Basi kengele imepasuka. Toa hiyo kitu, fundi. Tuwekee Obura."

Niliitoa, nikaweka ya zamani, na mabega ya watu yakalegea. Kaseti nane kati ya zile kumi zilirudi. Mimi sikutaka kumhukumu mtu kwa kumsikia mara moja. Niliisikiliza ile mpya mara tatu, kwenye redio tatu tofauti, nikaandika kwenye daftari: kinanda, sauti ya chini, mwendo mdogo. Chini yake nikaandika "amechoka," kisha nikaweka alama ya kuuliza.

Wazo la kumleta lilikuwa langu. Nilidhani kinanda ndicho kilichomzika, na kwamba akisimama mbele yetu na gitaa, akaimba za zamani, Kengele angetoka. Nilimwandikia kwa anwani iliyokuwa kwenye jalada. Akajibu kwa mwandiko wa mtu aliyesoma zamani: angekuja Jumamosi moja Kitengela, na Jumamosi ya pili Kajiado, ambako alikuwa na mwaliko karibu na mnada wa mifugo.

Alikuja na mpiga kinanda mmoja na gitaa moja. Alikuwa mrefu, mkavu, koti limefungwa vifungo vyote. Kwenye ukuta wa ua wa bucha tulikuwa tumetundika kitambaa kilichoandikwa KARIBU NYUMBANI OBURA KENGELE. Alikisoma polepole.

"Kengele ni nani?" akauliza.

Tulicheka sote. Tulidhani anatania.

Ua ulijaa saa tisa. Alianza na mbili mpya, watu wakavumilia. Kisha akashika gitaa akaanza "Leso." Nilikuwa kwenye mashine za spika. Akafungua kinywa, na ikatoka ile sauti ya chini, polepole, yenye nyufa, wimbo ukienda kama unabeba mzigo.

"Mzee, kanyaga mafuta!" mtu akapiga kelele.

"Hii ni sherehe ama ni matanga?"

Alijaribu kuongeza mwendo. Vidole vikakataa, akarudi pale alipokuwa. Watu wakaanza kuinuka, wake wakiwavuta waume. Parmuat akasimama juu ya benchi. Hakuwa na hasira; alikuwa kama mtu anayeona shamba lake likiungua. "Fundi! Weka kaseti! Weka kaseti tumkumbushe!"

Wengine wakaitikia: kaseti, kaseti. Na mimi niliweka. Siwezi kusema nililazimishwa. Mimi pia nilitaka kumsikia.

Sauti ya Kengele ikatoka kwenye spika, na mwenyewe amesimama pale na gitaa shingoni. Watu walipiga mayowe, wakarudi, wakacheza. Obura aligeuka akatazama spika. Alitazama mikono yake. Akasogea kwenye maikrofoni, akasema, "Huyo ni nani anayeimba wimbo wangu?"

Walicheka. Nami nilidhani ni uchungu ndio uliosema.

Nilimkuta nyuma ya bucha akifunga gitaa kwa kitambaa.

"Pole, mzee."

"Usinipe pole. Kajiado nimeahidi, nitapiga. Baada ya hapo hili gitaa nalitundika ukutani, watoto walitazame." Alifunga fundo. "Mtu anafaa kujua siku ya kunyamaza. Ninyi mmenisaidia kuijua."

*

Usiku kucha swali lake lilinikaa kichwani. Mtu akiwa na uchungu husema "mnanidharau" au "nitokeni." Hageuki akauliza ni nani. Yule alikuwa ameuliza kama ninavyouliza mimi nikifungua redio na kukuta waya ambao sikuuweka.

Jumapili baada ya ibada nilifungua kibanda, nikafunga mlango nyuma yangu. Nilikuwa bado nimeazima santuri mbili za Mwalimu. Katikati ya kila santuri ile ndogo pameandikwa namba arobaini na tano. Ndiyo mizunguko inayotakiwa kwa dakika moja. Nilikuwa nimeisoma namba hiyo mara nyingi sana. Nikachora alama ya chaki ukingoni mwa sahani, nikasimamisha kijiti cha kiberiti pembeni yake, nikashika saa ya mkono na kuhesabu kila mara chaki ilipopita.

Hamsini.

Nikarudia. Hamsini. Nikabadilisha saa, nikahesabu mara ya tatu, kwa sauti. Hamsini.

Nilijua kabla ya kufungua. Tabaka mbili za tepu nilizozungusha mwaka wa 1992 zilikuwa zimekinenepesha kile kijiti. Kijiti kikinenepa, kila mzunguko wake husukuma mpira mbali zaidi, na sahani hukimbia. Sahani ikikimbia, mwimbaji huharakisha, na sauti yake hupanda juu. Miaka kumi na moja nilikuwa nimewagawia watu wa Kitengela mtu ambaye hakuwahi kuimba mahali popote.

Niliibandua tepu. Nilisafisha gundi kwa spiriti, kisha nikaukwaruza ule mpira kwa msasa hadi ukashika wenyewe. Msasa nilikuwa nao hata mwaka ule. Nikahesabu: arobaini na tano. Nikaweka "Leso."

Aliyeimba hakuwa Kengele. Alikuwa mwanamume wa kifua, anayeanza kila neno kama mtu anayefungua mlango bila kutaka kuamsha waliolala. Nilikuwa nimeisikia sauti hiyo jana yake uani, ikiwa na nyufa, lakini ni hiyo hiyo. Sitaki kudanganya upande wa pili pia. Miaka ilikuwa imemfikia. Pumzi ilikuwa fupi, vidole vizito, na kile kinanda sikukipenda hata nilipojaribu kwa haki. Lakini kilichowafanya watu wainuke siku ile hakikuwa miaka peke yake. Sehemu kubwa ilikuwa tepu yangu.

Nilikaa pale mpaka jua likageuka. Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua, wala hakuna ambaye angehesabu. Obura angerudi kwao, angetundika gitaa, na sisi tungebaki na Kengele wetu. Na nikisema, Kengele anakufa, na ni mimi niliyekuwa nimemsubiri kuliko wote.

Jumatatu nilimwita Mwalimu Nakhumicha apitie kibandani akitoka shuleni. Sikumweleza kitu. Niliicheza tu.

Alisikiliza ubeti wa kwanza akiwa amesimama vilevile, na kikapu. Katika ubeti wa pili akakiweka chini. Nikaona mguu wake wa kulia ukienda upande, ukirudi, kiasi cha shibiri moja.

"Hii ndiyo," akasema. "Ulikuwa umeificha wapi?"

Nilimweleza yote, kijiti, tepu, namba. Alinisikiliza kama anavyosikiliza mtoto aliyevunja dirisha.

"Mimi nilikuuliza, Gakuru."

"Uliniuliza, Mwalimu."

"Miaka kumi na moja nimekuwa nikijiambia nimeanza kumsahau mume wangu. Kwamba hata mwendo wake sikumbuki vizuri."

Aliinua kikapu chake.

"Mzee wa watu anajua?"

"Hapana. Atapiga Kajiado Jumamosi, halafu anaacha kabisa."

"Basi unangoja nini hapa?"

*

Jumamosi nilifika Kajiado kabla ya saa sita, mashine imefungwa kwenye blanketi. Ilikuwa siku ya mnada. Vumbi la ng'ombe lilikuwa juu ya kila kitu. Obura alikuwa kwenye benchi nyuma ya hoteli aliyolala, akinywa chai ya maziwa, koti limefungwa.

"Fundi wa Kitengela," akasema. "Umekuja kuniwekea kaseti tena?"

"Ndiyo, mzee. Mara moja tu. Halafu nataka ukae nikuonyeshe kosa langu."

Alinitazama, akasogea, nikaketi. Kwanza nilicheza kaseti kwenye redio ndogo. Kisha nikafungua blanketi, nikaomba waya wa umeme jikoni, nikaweka santuri, na nikamwambia ahesabu chaki pamoja nami. Tulihesabu wote wawili, midomo ikicheza, hadi arobaini na tano. Nikamwonyesha ile tepu nyeusi, niliyokuwa nimeiweka ndani ya kisanduku cha kiberiti.

Aliigeuza tepu kiganjani. Mpishi alitoka, akamwaga maji, akarudi ndani.

"Mnajua kwetu wananiitaje?" akasema mwishowe. "Obura Mtungi. Kwa sababu sauti inatoka chini, kama mtu anayesemea ndani ya mtungi. Nilipoona kile kitambaa chenu nikadhani mmekosea mtu."

"Tulikosea, mzee."

"Omera, ndugu yangu, kaseti ngapi umegawa?"

"Sikuzihesabu. Nyingi. Na walizonakili wenyewe."

"Yaani umenitangaza, na hapo hapo umenibadilisha." Nilidhani hasira inakuja. Alinyoosha kidole kwenye redio ndogo. "Cheza tena ile ya kwanza."

Niliicheza. Akataka tena. Mara ya tatu alifumba macho, na vidole vyake vya kushoto vikawa vinabonyeza hewani.

"Anaimba vizuri, kijana huyu," akasema. "Siku tulipoingia studio nilitaka kuimba huku juu. Nikajaribu, koo likakataa. Mwenye studio akaniambia, Obura, wewe ni mtu wa chini, kaa chini. Nikakaa." Alifumbua macho. "Hata mimi ningemtaka huyu."

"Mzee, usiache kupiga kwa sababu yangu."

"Utawaambia watu wako?"

"Nitawaambia."

"Wewe mwenyewe. Kwenye maikrofoni."

Mimi si mtu wa maikrofoni. Nilisema nitafanya.

*

Alipiga chini ya turubai kando ya mnada, alasiri. Wengi walikuwa watu wa Kajiado, wanaume wa mifugo, makarani wa ofisi za serikali, akina mama wa soko, na hao hawakuwahi kuwa na kaseti zangu. Aliimba kwa sauti yake ya mtungi, nao walitikisa vichwa. Wazee wawili waliinuka wakacheza, polepole, kama wimbo ulivyotaka. Hawakuona kilichopungua kwa sababu kwao hakukuwa na kilichopungua.

Watu wa Kitengela nilikuwa nimewaambia waje, nina jambo la kuwaonyesha, nao walikuwa wamejaza pikapu ya Parmuat. Walikaa pamoja upande mmoja, mikono imefungwa kifuani.

"Sopa, fundi," Parmuat akaniamkia kwa Kimaasai.

"Epa."

"Umetuletea Kengele?"

Obura akaniita mbele. Nilishika maikrofoni, nikaeleza kama ninavyomweleza mteja: hiki ni kijiti, hii ni tepu, hii ndiyo namba iliyoandikwa, hii ndiyo namba niliyoipata. Nikasema Obura hakubadilika namna tulivyodhani. Nikasema kosa ni langu. Kisha nikacheza santuri, kwa mwendo wake wa kweli.

Walisikiliza.

"Fundi," Parmuat akasema, taratibu kabisa, "umeharibu mashine."

"Nimeitengeneza, Parmuat."

"Ilikuwa mzima! Sasa umeifanya nini? Rudisha vile ilikuwa, tafadhali. Tunakuomba."

Wenzake wakaunga mkono. Hawakuwa wakitania. Mwanamke mmoja niliyemtengenezea redio mara mbili alikuwa akifuta macho kwa ncha ya leso. Wale wa Kajiado walicheka, wakatuona watu wa ajabu, waliosafiri kuja kumlilia mwimbaji aliye mbele yao.

Obura alikuwa ameketi kwenye kiti chake, akiwatazama kwa makini, bila kinyongo.

"Nani ana penseli?" akauliza.

Mimi huwa na moja juu ya sikio. Nikampa. Akaomba kipande cha mpira, mtu akakata kutoka tyubu ya baiskeli. Akaiweka penseli juu ya nyuzi kwenye shingo ya gitaa, chumba cha pili kutoka kichwani, akaifunga kwa mpira kwa nguvu mpaka nyuzi zikalala na sauti yake ikapanda. Akaniashiria nicheze kaseti kidogo. Akasikiliza, akalegeza nyuzi nukta moja tu, akapiga.

Gitaa lililia juu, jembamba, kama lile la kaseti. Watu wa Kitengela wakainuka kwa pamoja.

Alianza "Leso" pale juu. Neno la kwanza lilifika. La pili likavunjika, la tatu halikutoka. Akasimama, akacheka kwa kifua chake kizito.

"Hapo mimi sifiki," akasema. "Hata nikiwa na miaka ishirini na tano sikufika. Lakini ninyi mmekaa huko miaka kumi na moja. Mnapajua. Imbeni, mimi nitawapigia."

Halafu Parmuat akavua kofia, akaishika kifuani, akafumba macho, na kwa sauti ambayo sikujua anayo akaimba, "Umeondoka na jua, leso imebaki kambani." Wengine wakamfuata. Wajaluo, Waluhya, sisi wa Kirinyaga, Wamaasai wawili watatu, wote wakiimba kila pumzi na kila kupanda kwa sauti namna kaseti yangu ilivyowafundisha. Nami niliimba. Obura alitupigia akiwa amekiinamia kichwa cha gitaa, akitutafuta tulipo. Vidole vilikuwa vizito na mara mbili alipotea, tukamsubiri.

Tulipomaliza alifungua mpira, akaitazama penseli, akaitia kwenye mfuko wa koti.

"Nilitaka kuuliza kuhusu gitaa, mzee," nikasema tukimsaidia kufunga. "Kuhusu kulitundika."

"Leo nimepiga wimbo ambao sijawahi kuupiga, na unaitwa kwa jina la wimbo wangu." Akafunga kitambaa, fundo lisilo kali kama lile la Kitengela. "Acha kwanza niupige nyumbani, nione watasema nini. Na kaseti yako ile mbaya, nipe."

Nilimpa. Nilikuwa nimembebea.

Sasa Mwalimu Nakhumicha ana kaseti yake ya arobaini na tano, na Immaculate ameniambia kwamba jioni husikia miguu ya mama yake sebuleni. Wateja wengine nimewapa nafasi ya kubadilisha bure. Hadi leo wamekuja wanne, na wawili wamerudi kuniomba ile ya zamani.

Mashine iko sawa. Kisanduku cha kiberiti kiko kwenye droo, na tepu iko ndani, bado inanata kidogo. Siku nyingine mchana, wateja wakiwa wachache, huwa naitoa nikakizungushia kile kijiti cha mota, mara mbili, kama nilivyofanya mwanzo. Naweka "Leso." Chaki inaanza kupita mbele ya kijiti cha kiberiti, nami nahesabu. Nikifika hamsini naacha kuhesabu, nasikiliza.